Nani anamwambia kapteni kwamba anakosea?

"Shikamoo Kapteni. Naishi Mikindani, Mtwara. Kila baada ya miezi mitatu nampeleka mama kliniki Dar es Salaam, na tangu barabara ilipokatika kule Somanga mwaka 2024 tumezoea ndege, hizi za pangaboi. Machi tulikuwa tunarudi na mvua ilikuwa kubwa. Tulishuka mpaka nikaiona minazi, mara injini zikanguruma tukapanda tena mawinguni. Tulizunguka kama robo saa ndipo tukatua, na hakuna aliyetuambia kitu. Abiria wa pembeni akasema rubani msaidizi ni mtoto, bado anajifunza, ndiyo maana walishindwa. Kweli wakati wa kushuka nilimwona, ni kijana mdogo. Tangu siku hiyo nasoma habari za ajali usiku kucha, na naona wanasema mafunzo mabovu na marubani kutoelewana ndivyo vinavyoua watu. Lakini wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sasa huyo msaidizi anafanya nini mle ndani? Mama ana kliniki tena mwezi ujao. Nimpandishe ndege au turudi kwenye basi?"

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole na salamu zangu. Nitaanza na neno "walishindwa", maana ndilo lililokunyima usingizi bila haki.

Ndege inapokaribia kutua kwenye mvua, marubani wanakuwa wameshakubaliana kimo ambacho wakikifikia bila kuiona njia ya kutulia, hawaendelei. Kimo hicho hakijadiliwi angani. Kimeandikwa kwenye chati ya uwanja, wamekisoma kwa sauti mapema, na kikifika mmoja anatamka, injini zinapewa nguvu, ndege inapanda. Huo ndio mngurumo uliousikia. Wewe uliiona minazi kwa dirisha la ubavuni, chini yako. Wao walitakiwa kuiona njia mbele yao, kupitia kioo kinachochapwa na mvua, na hayo ni mambo mawili. Kupaa tena ni kazi ya kawaida inayofanyiwa mazoezi kila mara. Marubani wanaonitia hofu mimi ni wale wanaoona haya kupaa tena kwa kuogopa abiria watasema nini.

Hata hivyo, mlistahili kuambiwa. Kwetu kazi ina mpangilio: kwanza irushe ndege, pili ujue uko wapi, tatu ndipo uzungumze. Dakika chache za mwanzo baada ya kupaa tena hakuna mkono wala mdomo ulio huru. Lakini robo saa ni ndefu, na sentensi moja kutoka mbele, au kutoka kwa mhudumu, ingewatuliza watu wote. Kwa hilo lalamika, una haki.

Sasa huyo kijana. Rubani msaidizi wa ndege ya abiria si mwanafunzi. Ana leseni ya biashara, amesomea na kufaulu aina hiyo hasa ya ndege, na anapimwa mara mbili kwa mwaka kama anavyopimwa kapteni wake. Wanapeana zamu: safari hii mmoja anarusha na mwingine anafuatilia, safari ijayo wanabadilishana. Inawezekana kabisa yeye ndiye aliyeitua ndege yenu. Ni kweli kwamba saa zake ni chache. Kiwango cha kimataifa cha leseni hiyo ni saa 200 za kuruka, au 150 kwa aliyepitia kozi iliyoidhinishwa, na mtu mwenye saa hizo bado ana mengi ya kuyaona. Ila ukizisoma ripoti za ajali kubwa, utashangaa ni mara ngapi mkosaji ni yule mwenye saa nyingi, na kijana pembeni yake aliliona kosa.

Hapo ndipo methali yako inapoingia, na naipenda kwa sababu imetoka baharini kama kazi yetu ilivyotoka. Neno lenyewe "rubani" ni la bahari; ndiye mjuzi wa miamba na mikondo anayekiongoza chombo kuingia bandarini. Wewe ni wa Mikindani, waulize wazee wa majahazi. Nahodha ni mmoja, hilo halina ubishi. Lakini chombo kikipita penye miamba kuna mtu anasimama omo, yaani mbele kabisa ya chombo, anaangalia maji, na akiuona mwamba anapiga kelele. Hasemi "samahani nahodha, kama hutajali". Na nahodha hamuulizi ana umri gani. Kupiga kelele kwake hakumfanyi nahodha wa pili. Wahenga walikataza watu wawili kuushika usukani mmoja. Hawakusema mtu wa omo afumbe mdomo.

Ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya ndege za abiria ilitokea ardhini, kwenye ukungu, tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, Hispania. Bomu lilikuwa limelipuka kwenye uwanja wa kisiwa jirani cha Gran Canaria, ndege zikaelekezwa uwanja mdogo wa Los Rodeos, Tenerife, zikajazana. Boeing 747 mbili zikawa kwenye njia moja ya kurukia: ya KLM, shirika la Uholanzi, imegeuka tayari kuruka, ya Pan Am, shirika la Marekani, bado inatembea juu ya njia hiyo hiyo ikitafuta mahali pa kutokea. Kapteni wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa mkuu wa mafunzo ya 747 katika shirika lake. Msaidizi aliyekaa pembeni yake alikuwa amepimwa na kufaulishwa 747 na kapteni huyo huyo, muda mfupi kabla.

Kapteni alianza kuongeza nguvu ya injini kabla ya kibali. Msaidizi akamzuia: bado hatujapewa. Kapteni akarudisha nguvu, akamwambia aombe. Majibu kutoka mnarani kwa waongozaji wa ndege yakaja, yakieleza njia ya kufuata baada ya kuruka, wala hayakuwa ruhusa ya kuruka. Kapteni akaanza tena. Safari hii msaidizi hakumzuia. Fikiria uko mahali pake. Umeshamrekebisha mwalimu wako mara moja, mbele ya mtu wa tatu, chini ya dakika moja iliyopita. Je, utamrekebisha mara ya pili? Mtu huyo wa tatu, mhandisi wa ndege, ndiye aliyeuliza kama Pan Am imeshatoka njiani. Aliuliza tu. Kapteni akajibu kwa mkazo kwamba imetoka, na hakuna aliyesema neno jingine. Watu 583 walikufa.

Watu wengi hupenda kusema ugonjwa huu ni wa sisi Waafrika, au wa Waasia, kwa sababu ya heshima zetu kwa wakubwa. Wale walikuwa Waholanzi, hawana shikamoo. Ugonjwa ni wa binadamu yeyote aliye chini ya mtu anayemheshimu au kumwogopa.

Lakini kwetu umefika pia. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737 ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala, Kameruni, kwenda Nairobi, hali ya hewa ikiwa mbaya na nje giza tupu. Baada ya kuruka, kapteni alitamka agizo la kuwasha otopailoti, mtambo unaoirusha ndege wenyewe. Kanuni ni kwamba agizo linaitikiwa, kisha mnatazama wote kama kitu kimewaka kweli. Halikuitikiwa, na otopailoti haikuwashwa. Ndege ikaanza kulala upande wa kulia polepole, polepole kiasi kwamba mwili hausikii, na kwa karibu dakika nzima hakuna aliyeishika wala aliyetazama vipimo. Waliposhtuka walikuwa wamechelewa. Iliangukia kwenye bwawa la mikoko, umbali mfupi tu kutoka uwanjani, na watu wote 114 walikufa. Ripoti ya uchunguzi ilitaja giza na kupotewa na mwelekeo, na pia marubani kutoshirikiana. Ilimweleza kapteni kuwa mtu wa mamlaka kubwa na msaidizi kuwa mpole asiyesisitiza. Nilipoisoma niliiweka chini kwa muda, kwa sababu nilijiona mle.

Nilikuwa na umri wa huyo kijana wako. Kapteni wangu nilimwita Mzee, nikimwamkia kila alfajiri kwa heshima zote, na alikuwa rubani hodari. Tulikuwa tunashuka Mtwara kwenye mvua kama hiyo ya Machi. Mshale wa kimo ukapita pale tulipokubaliana, na njia haionekani. Nililiona, namba niliijua. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Mzee, mvua ya leo kubwa." Akajibu, "Ya masika hiyo." Ndege ikaendelea kushuka. Sekunde chache baadaye tukaiona njia, tukatua, tukanywa chai, na hakuna aliyeligusa jambo hilo tena. Kwa akili yangu nilikuwa nimemwonya. Kwake nilikuwa nimezungumzia hali ya hewa.

Kiswahili chetu ni fundi wa kuzunguka, na nyumbani huo ni uungwana. Kwenye chumba cha rubani unaua. Ndiyo maana mafunzo mazuri hayamwambii kijana "kuwa jasiri". Ujasiri haufundishwi kwa kuhimizwa. Anafundishwa maneno yaliyokwisha kupangwa, mafupi, ambayo shirika zima limekubaliana kuwa si utovu wa adabu: kapteni, tuko chini ya kimo, paa. Akisema mara mbili bila kujibiwa, kanuni inamtaka achukue ndege mwenyewe na atamke kwamba ameichukua. Na kapteni naye anafundishwa kuitikia kabla ya kubishana. Wanarudia hayo kwenye simuleta, ile mashine inayoigiza ndege kwa kila kitu, mpaka mdomo unafunguka wenyewe hata moyo ukiwa unasitasita. Kwenye simuleta mwalimu hodari humwambia kapteni kwa siri, "fanya kosa hili makusudi," kisha anamtazama msaidizi. Mimi hufanya hivyo kwa kila darasa. Wengi mara ya kwanza hunyamaza.

Mafunzo haya, ambayo wenyewe tunayaita CRM (kwa Kiingereza Crew Resource Management), yana historia ya karibu. Tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya DC-8 ya shirika la United ilizunguka juu ya Portland, Marekani, kwa muda wa saa nzima hivi, kapteni akishughulikia tatizo la magurudumu. Mafuta yalikuwa yanakwisha. Wenzake walijua, wakagusia, hawakusisitiza, mpaka injini zikaanza kuzimika moja baada ya nyingine. Kumi walikufa kati ya watu 189. Umeshawahi kutunga uzi kwenye sindano, ukaitwa na mtoto usimsikie kabisa? Akili ya kapteni ilikuwa hivyo, na haimpati mjinga peke yake. Ajali hiyo na Tenerife ndizo zilizowasukuma wakubwa wa anga kukiri kwamba kumfundisha rubani kurusha hakutoshi, inabidi afundishwe kusikiliza. United walianza kozi hiyo mwaka 1981.

Matunda yake yalionekana tarehe 19 Julai 1989. DC-10 ya shirika hilo hilo ilipasukiwa injini ya mkiani ikapoteza mifumo yote ya haidroliki, kwa maneno mengine usukani ukawa haushiki kitu. Kapteni Al Haynes aligawa kazi, akasikiliza kila mtu, akamkaribisha mbele mwalimu wa marubani aliyekuwa anasafiri kama abiria, Dennis Fitch, ashike vishikio vya nguvu ya injini. Waliiongoza ndege kwa injini mbili zilizobaki mpaka Sioux City. Iliangukia uwanjani ikawaka, watu 112 walikufa, lakini 184 walipona katika ndege ambayo kwa hesabu haikuwa na mtu wa kupona. Haynes maisha yake yote alisema ni yale mafunzo.

Kuhusu pangaboi, usizilaumu panga. Ni ndege nzuri kwa safari fupi kama yetu. Ila nazo zinadai mafunzo hayo hayo. Taipei, Taiwan, tarehe 4 Februari 2015, pangaboi aina ya ATR 72 ilipoteza nguvu ya injini ya kulia mara baada ya kuruka, na kapteni akaizima ya kushoto iliyokuwa nzima. Walikufa 43 kati ya 58. Uchunguzi ulionyesha kuwa udhaifu wake katika dharura ya namna hiyo hiyo ulikuwa umeandikwa kwenye mafunzo yake, na bado alipitishwa. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu mahali pa kukosea palikuwa simuleta na kweli alikosea pale, wenye dhamana wakaliacha lipite. Pokhara, Nepali, tarehe 15 Januari 2023, ATR nyingine: rubani aliomba vibawa vya kutulia viongezwe, mwenzake akavuta vishikio vya jirani, panga zote mbili zikaacha kusukuma hewa. Hakuna aliyetazama mkono umeshika nini. Wote 72 walikufa, na waliokaa mbele walikuwa makapteni wawili.

Najua pia unaiwaza Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam iliingia Ziwa Victoria karibu na uwanja. Walikuwamo watu 43, 19 wakafariki, marubani wote wawili wakiwamo. Waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao, na walionusurika walitokea nyuma. Kwa ajili yenu mnaotua Mtwara kando ya bahari, nataka uchukue jambo moja pale: mhudumu anapoonyesha milango na majaketi, msikilize hata kama umepanda mara ishirini. Hesabu viti kutoka chako mpaka mlango wa karibu, mbele na nyuma. Mama umwambie kabisa kwamba jaketi halijazwi upepo mkiwa bado ndani, maana maji yakiingia linakuinua darini na mlango unaupoteza.

Na abiria nawe uko kwenye timu. Tarehe 8 Januari 1989 huko Kegworth, Uingereza, Boeing 737 iliharibikiwa injini ya kushoto. Marubani wakazima ya kulia. Kapteni akawatangazia abiria kwamba tatizo ni la kulia. Walikuwapo abiria na wahudumu waliouona moto upande wa kushoto kwa macho yao. Walishangaa, wakadhani rubani anajua zaidi, wakanyamaza. Watu 47 walikufa. Kwa hiyo ukiona moto, mafuta yanamwagika, au kitu kinachoning'inia kwenye bawa, bonyeza kengele umwambie mhudumu uliona nini na upande gani. Akikwambia ni kawaida, vizuri. Hujamsumbua mtu.

Sasa ndege au basi? Kwa usalama peke yake, ndege ya abiria yenye ratiba na marubani wawili ni salama kuliko zaidi ya kilomita 500 za lami, hasa usiku. Hilo nalisema bila kusita. Lakini sitakuficha kwamba usimamizi wa anga kwetu una kazi ya kufanya: Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaingiza mashirika yote yenye cheti cha Tanzania kwenye orodha yake ya yasiyoruhusiwa kuruka kwenda kwao, ukitaja udhaifu wa usimamizi, pamoja na uhaba wa wataalamu wa kukagua. Hiyo haimaanishi kila ndege ya hapa ni mbovu. Inamaanisha tuna haki ya kuuliza, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga hupokea malalamiko ya abiria. Robo saa ya kimya uliyonieleza waandikie, ukitaja tarehe na safari. Kwa ndege ndogo za kukodi zenye rubani mmoja ningekuwa mwangalifu zaidi. Hakuna mtu wa omo. Hali ya hewa ikiwa mbaya na rubani akasema hatuondoki leo, mshukuru, usimbembeleze.

Gharama ni jambo jingine, na kama nauli inawabana, basi la mchana si dhambi. Pia mwulizeni daktari wa mama kama sehemu ya kliniki hizo inaweza kufanyika pale Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, msilazimike kusafiri kila mara. Daktari huyo huyo aseme kama mama yuko sawa kupanda ndege, hasa kama ana shida ya moyo, mapafu au amefanyiwa upasuaji karibuni. Hilo haliwezi kujibiwa kwa maandishi na mtu wa ndege.

Na wewe, mwanangu, usiku kucha ukisoma ajali si utafiti tena. Kama mwezi unapita hujalala vizuri, moyo unakwenda mbio ukiwaza safari, au unafikiria kuahirisha kliniki ya mama kwa sababu ya hofu, nenda hospitali ya Ligula, au ya Sokoine ukiwa Lindi, uonane na daktari umweleze hivyo hivyo ulivyonieleza mimi. Hofu hiyo inatibika. Siku ya safari, mkifika mlangoni mwa ndege, mwambie mhudumu kwamba mama anatembea taratibu na wewe ulipata mshtuko Machi. Mtajie namba ya kiti. Wakipaa tena, atajua wa kumwendea kwanza.